Difu ililia mpaka ukweni Iyula, posa ikasimama

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na wa kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Nina pick-up ya kubebea mahindi kati ya Mlowo na Tunduma. Difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ikala meno, nikapata crown na pinion za mtumba, yaani gia zake mbili zinazoumana. Nikampelekea fundi wangu Lusekelo, siku moja kabla ya kwenda kuposa Iyula.

Akaniambia, "Bosi, kila seti ina shimu yake. Hiki kibati ndicho kinachoamua pinion iisogelee crown kiasi gani. Niachie kutwa nzima nipime."

Mimi na haraka zangu: "Rudishia shimu ya zamani. Kesho nina wakwe."

Akafunga bila kubisha. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Asubuhi tukapakia mshenga na shangazi. Fundi naye akapanda, na vifaa vyake na kisanduku cha shimu mapajani. Nikamuuliza vya nini.

"We twende tu."

Kufika spidi hamsini, difu ikaanza: wuuuuu! Shangazi akashika rozari. Tunaingia Iyula, mbwa wa kijiji kizima wanatuitikia.

Baba mkwe mtarajiwa kasimama getini. Kumbe mzee kabla ya kurudi kulima kahawa alikuwa fundi wa malori! Binti yake hakunidokeza (nimemsamehe).

Mshenga akaanza, "Mzee, tumeona ua humu ndani..."

Mzee akainua mkono. "Kwanza, nani kafunga hiyo difu?"

Fundi akanitazama. Shangazi akanitazama. Nikakiri kwamba nililazimisha mimi.

"Ndaga, asante kwa kusema kweli, kijana. Sasa fungueni. Ikinyamaza ndipo tutaongea habari za binti."

Wakuu, niliona posa inaota mbawa hivi hivi.

Suti nikavua, nikaazimwa ovaroli la mzee, linaishia kwenye ugoko. Rangi ya kupaka kwenye meno ya gia, kuona yanapogusana, hatukuwa nayo, mama mkwe akatoa dawa nyekundu ya sakafu. Tukapaka, tukazungusha: alama iko juu kwenye ncha za meno. Pinion iko mbali. Tukaongeza shimu, tukafunga. Sasa imezidi, alama imezama kwenye shina la jino. Fungua tena!

Mshenga na shangazi wako kivulini wanakula kuku, wananipungia.

Mara ya tatu alama ikatua katikati. Mzee akavaa miwani, akakagua jino moja moja. Tukafunga, akapanda mbele, tukaenda Mlowo na kurudi. Difu kimya. Mzee katega sikio njia nzima.

Getini akashuka, akaita, "Mama, mleteni binti. Huyu akikosea anajua kurudia."

Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu.

Somo: fundi akiomba muda, mpe. Na akikukubalia haraka haraka bila kubisha, ujue ameshakuhurumia.

Mlioaibika ukweni, shukeni na yenu hapa chini. Najua siko peke yangu.