Gari Lililopimwa kwa Mteremko

Muuzaji wa magari alizima injini tulipoanza kushuka kuelekea Kamukuywa, na hapo subira yangu ikakatika. Nilikuwa nimempakata binti yangu Nekesa kiti cha nyuma. Mume wangu alikaa mbele, anatabasamu kama bwana harusi, tayari kuacha gari letu kuukuu pale Kitale na kuchukua hili.

"Mama Nekesa, tulia," muuzaji akasema. "Hii gari hainywi petroli, bana. Inanusa tu!"

Nikamwambia awashe injini ama nimrukie shingoni. Wakacheka wote wawili. Hawakujua ule mlio wa matairi peke yake juu ya changarawe, na harufu ya petroli chini ya kiti, vilikuwa vimenirudisha wapi.

Nilipokuwa mtoto, Papa, baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi Myanga. Gari lake la kwanza lilikunywa petroli kama wazee wanavyokunywa pombe ya busaa, kwa hiyo akalipeleka Kitale, akaongeza na mtamba, akapewa jingine. Usidhani alikuwa mtu wa ovyo. Alichonga kijiti, akakichovya kwenye tangi kabla hatujaondoka, akatia alama kwa kisu pale petroli ilipofika. Aliyemuuzia alimshauri azime injini kwenye miteremko. Ati kila dereva mwerevu hufanya hivyo.

Tukashuka hadi Bungoma hivyo, nikiwa nimeng'ang'ania gauni la mama yangu, Mayi. Gari linalokimbia bila sauti nililiona kama maiti anayetembea. Kila kona nilifumba macho, nikingoja tutumbukie mtoni.

Nyumbani kijiti kilitoka kimelowa karibu hadi kwenye alama ile ile. Wanaume wa Myanga wakapokezana kukishika, wakakinusa, wakatikisa vichwa. "Mteremko hauombi petroli," Papa akasema, na akaendelea kuusema msemo huo hadi tukauchoka.

Kisha mdogo wangu Simiyu akashikwa na homa, shingo ikakakamaa kama mti. Daktari alikuwa Kitale. Papa akachovya kijiti, akatazama alama, akasema petroli iliyomo inatosha kabisa. Si ilitosha juzi?

Ila sasa tulikuwa tunapanda. Katikati ya mlima gari likakohoa, likanyamaza. Kijiti kikatoka kikavu.

Mayi hakulia wala hakumlaumu mtu. Alishuka, akamfunga Simiyu mgongoni, akaanza kutembea. Nilimfuata nyuma nikiogopa kumtazama mtoto, na nikiogopa zaidi kutomtazama. Nilikazia macho vidole vya miguu yake vilivyoning'inia, nikiviomba vicheze. Nilipogeuka, Papa alikuwa bado amesimama barabarani na debe tupu mkononi. Mwishowe mkokoteni wa ng'ombe ndio uliotufikisha.

Simiyu alipona, lakini masikio hayakurudi. Hata leo ukimtaka, unamgusa bega.

Miaka mingi niliamini ule ulikuwa ujinga wa Papa, na nadhani yeye pia aliamini hivyo, maana hakuzima tena injini njiani wala hakutaja mteremko. Sasa nina mtoto wangu ndio naelewa. Papa alipima sawasawa. Kilichomdanganya ni barabara aliyochaguliwa. Hata kitanda ukikitia magurudumu, kitashuka toka Kitale bila petroli!

Siku ile ile ya kujaribu gari la muuzaji, tuliporudi Kitale, nilimbeba Nekesa hadi ofisi ya leseni za biashara. Karani akanitazama juu mpaka chini.

"Gari limekuharibikia, mama?"

"Hapana."

"Umelinunua?"

"Bado."

"Sasa unashtaki nini?"

Nikamwomba karatasi, nikaandika mwenyewe:

"Kwa Bwana Afisa. Nashtaki kwamba muuzaji wa magari aliyetushusha Kamukuywa leo huwajaribishia wanunuzi magari kwa kuteremka tu, injini ikiwa imezimwa, kisha huapa kuwa hayali petroli. Watu huyaamini, na hupakia wagonjwa wao. Naomba aamriwe kujaribu kila gari likipanda, likiwa na watu ndani, injini ikinguruma. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Nikatia sahihi, nikaketi kwenye benchi kungoja muhuri.