Jina Lisiloitikwa Darasa la Tatu

Saa nane kasoro dakika mbili mchana. Mvua ya Novemba inayapiga mabati ya shule moja ya msingi huko Wanyange, kando ya ziwa, mashariki ya mji wa Jinja. Racheal Wasike, mwalimu mwanafunzi wa miaka ishirini na miwili, amesimama mbele ya darasa la tatu, daftari la mahudhurio mkononi. Nyuma ya madawati, juu ya mkeka, amelala binti yake wa miezi mitano.

“Bogere!”

“Nipo, mwalimu!”

“Hamuza!”

“Nipo!”

Hapo Racheal hunyamaza kwa muda wa pumzi moja. Watoto hawacheki wala hawageuki kutazamana. Wamekwisha kuuzoea ukimya huo. Kisha anaita, “Nabirye!” na mahudhurio yanaendelea.

Kabla ya kuuelewa ukimya huo, yafaa msomaji ajue jinsi muhula huu wa tatu wa mwaka 1997 ulivyoianzia familia ya Wasike. Racheal anasomea ualimu Jinja. Mumewe, Geresom, mwenye miaka ishirini na minne, anasomea uchungaji Mbale, na hulala katika chumba kimoja nyuma ya kanisa mtaani Namatala, ambako hufagia, hupiga kengele na kufundisha watoto Jumapili. Kila Ijumaa mmoja wao hufunga safari kumfuata mwenziwe.

“Tumeoana miaka miwili,” asema Racheal, “lakini ukizijumlisha siku tulizokaa pamoja, hazifiki mwaka.”

Wote wawili ni watoto wa askari jela, waliokulia katika kambi ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Ndicho wanachozungumza nyumbani hadi leo.

Racheal alianza mazoezi ya kufundisha Septemba. Siku hiyohiyo, saa nane mchana, mtoto wao Neema alianza kulia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Alilia akiutazama mlango, macho makavu, mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake saa nane akalia tena. Hata Jumamosi, kule Mbale, kwenye chumba kisicho na saa ya ukutani, alipoanza kulia baba yake alitazama mkono wake: saa nane kamili.

Daktari hakuona ugonjwa. Kadi ya kliniki, hata hivyo, haikudanganya: kilo sita mwezi Septemba, tano na robo mwishoni mwa Oktoba. Chuoni nako Racheal alionywa kwamba mkaguzi akimkuta na mtoto anayelia, mazoezi yake yatafutwa na mwaka utapotea.

Mama mkwe wake, Docus, alikuwa na dawa yake. Kwa Wagisu, kabila lao la Mbale, mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Analonyamazia ndilo lake.

“Mama, sisi ni watu wa wokovu,” Geresom alimwambia.

“Wokovu wako umemnyamazisha?” mama akamjibu. “Kaa kando, mchungaji.”

Akamwinua mjukuu, akaita: “Mutonyi! Kakai! Namono!” Aliita majina kumi na moja. Neema akazidi kulia. Docus akamrudisha mtoto kwa mamaye, akatoka nje.

Siku ya mkaguzi ilifika na mvua kubwa. Racheal alimwacha mtoto jikoni kwa Madina, mpishi wa shule kwa zaidi ya miaka ishirini, akakimbilia ofisini kuchukua daftari la mahudhurio. Ofisi ilikuwa na giza. Katika kabati lililovuja, madaftari yote yalikuwa na jalada la aina moja. Akachomoa moja, akarudi darasani. Mkaguzi alikuwa amekwisha kuketi nyuma. Kutoka jikoni kilio kilisikika, na mkaguzi akaanza kuandika.

“Bogere!” “Nipo!” “Hamuza!” “Nipo!” Huku Busoga, upande wa Jinja, hakuna darasa lisilo na majina hayo, hivyo Racheal hakushtuka.

“Khainza!”

Kimya. Watoto wakatazamana.

“Khainza!” Racheal akarudia, kwa ukali.

Kilio jikoni kikakatika, kama mtu aliyeitwa na kusikia.

Mlangoni akatokea Madina, amelowa, mtoto mikononi, macho wazi, ametulia. “Mwalimu,” akauliza polepole, “umemwita nani?”

Racheal akalitazama jalada: 1977. Akarudi kwenye mstari ule. Siku ya mwisho yenye alama ilikuwa ya Septemba: asubuhi yupo, mchana hayupo. Baada ya hapo, mstari mtupu hadi mwisho wa mwaka.

“Alikuwa mtoto wa Kigisu, akikaa kwa kaka yake, askari jela,” Madina alimweleza baadaye. “Adhuhuri alikwenda ziwani na mtungi. Saa nane jina likaitwa. Mtungi ndio ulioonekana.”

Ijumaa hiyo, Mbale, Racheal alilitaja jina hilo mbele ya mama mkwe wake. Docus aliketi chini, sakafuni.

“Ni wifi yangu mdogo, tulikaa naye huko Wanyange. Mimi ndiye niliyemtuma maji.”

“Mbona hukumtaja, mama?” akauliza Geresom.

“Huitwa waliozikwa, mwanangu. Huyo hatukumzika.”

Tangu siku ile Neema hajalia saa nane. Hunyonya hadi akashiba, na kadi yasema kilo sita na nusu. Mkaguzi alimpa Racheal alama za kufaulu, akaongeza kwa wino mwekundu: “Mwalimu ahakikishe daftari kabla ya kuita.”

Mchungaji wao alisali siku tatu kabla ya kukubali. Desemba, mtoto atabatizwa Neema Khainza. Januari ukoo utakuja Wanyange kuchukua mgomba ufukweni, kuuzika Mbale badala ya mwili uliopotea. Geresom ndiye atakayesoma sala. “Chuoni hatukufundishwa sala hiyo,” akiri. “Nitaitafuta.”

Na Racheal? Anataka kuajiriwa katika shule hii hii.

“Akifika umri, nitamwandikisha hapa,” asema, akimfunga binti yake mgongoni. “Nitaita jina lake saa nane mchana, baada ya Hamuza. Nataka niandike kwamba yupo.”

Mvua imekatika. Njia ya mkato kwenda kwao hupita ziwani. Racheal anashika barabara kuu.