Kijani Chini ya Buti Zangu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikifumba macho naiona mpaka leo. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache kabla, nje ya Doha kule Qatar, na katika hifadhi ndogo ya vichaka niliyoilinda ukungu ulitanda chini chini, swala wakipita ndani yake kama wanaogelea.

Nilikuwa kijana wa kujisikia, na sababu nilikuwa nazo. Nilitoka Kitale na begi moja, sikubebwa na mtu, nikafika hadi kuwa mlinzi wa mlangoni katika hoteli ya West Bay, mtaa wa maghorofa wa Doha, suti nyeusi mwilini. Kisha kampuni yetu ya ulinzi ikanihamishia hifadhini. Wenzangu wa chumba katika mtaa wa Muaither walinicheka sana.

Asubuhi hiyo mmoja wao, Wafula, akanipigia.

"Buda, bado unachunga miiba? Hoteli inatafuta mtu. Meneja anataka jibu sasa hivi."

"Ngoja nipate mtandao vizuri," nikasema, nikizungukazunguka juu ya kituta.

Ng'ambo ya uzio palikuwa na kitongoji cha nyumba chache. Wazee wake ndio waliokubali kuacha kulisha mbuzi hifadhini ili vichaka vipone, na kila baada ya mvua walileta mkeka na birika, wakaketi nje kuitazama ardhi. Mzee Hamad, tuliyezoea kusalimiana, akaniita.

"Ya Joseph, unatafuta nini?"

"Kazi, mzee wangu. Kazi nzuri."

"Basi itafute ukiwa umesimama. Hiyo uliyo nayo unaikanyaga."

Nikatazama chini. Miche laini kama nywele za mtoto mchanga ilikuwa imefunika kituta kizima, ila pale zilipopita buti zangu. Wazee wakacheka, wakanipitishia chai kwenye uzio. Niliinywa mguu mmoja ukiwa hewani, naogopa kuushusha. Wafula alikuwa bado yuko kwenye simu.

"Mpe mtu mwingine," nikamwambia.

Katika utulivu ule nilisoma hadi nikapata diploma ya uhifadhi. Leo nimerudi Kitale, nimejenga nyumba ya mawe, na ninajivunia, acha waseme.

Kwa hiyo, mwanangu, usiiache kazi kwa sababu wenzako wanaicheka. Simama kwanza, uitazame vizuri. Ukiondoka, ondoka ukijua unachokiacha.

Mungu akupe kazi ya kujivunia, na macho ya kuiona ingali changa.