Katoni ya Michezo Chini ya Cherehani

Mimi ni fundi wa nguo, na kwa miaka mingi mwanangu wa pekee hakuvaa hata vazi moja lililotoka mkononi mwangu. Majirani zetu wa Kabondo, hapa Kisangani, waliona ajabu. Ninashona sare za shule za nusu ya mtaa, nakosaje kumshonea wangu? Lakini mtoto alikuwa Kinshasa na mama yake, na nguo inataka kipimo. Niliwahi kumuuliza mama yake kwenye simu, “Mutoto iko na urefu gani sasa?” Akajibu, “Amekuwa murefu.” Ningekata kitambaa kwa neno hilo? Basi nikaanza kumnunulia michezo ya televisheni. Mchezo hautaki kujua upana wa mabega ya mtu.

Mama yake ni muuguzi. Alikwenda Kinshasa kwa mafunzo, akaenda na mtoto kwa sababu alikuwa bado mdogo, na mafunzo yalipokwisha akapata kazi hukohuko. Mwanzoni tulisema nitawafuata nikishapata mahali pa kuweka cherehani. Halafu tukaacha kusema. Siku moja kaka yake alikuja nyumbani, akaketi na baba zangu wadogo, wakaongea kwa heshima kuanzia chai mpaka adhuhuri, na mimi nikatoa talaka niliyoombwa. Hakuna aliyepaza sauti. Baadaye nikasikia ameolewa na mwanamume wa kule, mtu mpole, mwenye kazi yake. Mpaka leo sijasikia neno baya juu ya mtu huyo, na nimelisubiri sana.

Kabla hawajaondoka tulikuwa na mashine ya kuchezea niliyoinunua kwa mwanafunzi aliyemaliza chuo na kurudi kwao Opala. Ndani yake mlikuwa na diski moja tu, ya mbio za magari. Mtoto alikaa katikati ya miguu yangu, ameshika manette, kile kishikio chenye vifungo, na vidole vyake havikufika pande zote mbili. Kila mara aligeuza gari lake likawaelekea wenzake. Magari mengine yalikuja mbio mbele yetu naye akapiga kelele, “Banakuja! Papa, banakuja!” na tukagongwa, na akacheka mpaka akapata kwikwi. Hatukuwahi kufika mwisho wa mbio hata mara moja. Wala hatukuwahi kuulizana tucheze nini. Mchezo ulikuwa mmoja, tuliuwasha tukacheza.

Alipokuwa mbali ndipo michezo ilipoongezeka. Nilimpigia simu Jumapili, mtandao ukiruhusu, na mtoto aliniambia kitu kimoja au viwili kabla ya kumrudishia mama yake simu. Akisema ameona farasi kwenye televisheni, nilikwenda sokoni kwa kijana mmoja anayeuza diski, nikamwuliza kama ana mchezo wa farasi. Akisema shuleni wamecheza ngoma, nilitafuta wa kucheza ngoma. Mwaka mmoja alikohoa muda mrefu, nami nikanunua ule wa hospitali ya wanyama, sijui kwa nini, labda niliona daktari kwenye picha. Diski nilizipanga ndani ya katoni ya sabuni, chini ya cherehani, na nilipokanyaga pedali goti langu liliigusa. Ilipojaa niliongeza ya pili. Mimi mwenyewe sikucheza hata mmoja. Niliona kama kufungua zawadi ya mtu.

Halafu mama yake akakubali aje likizo kubwa. Angeletwa na mama yake mdogo, ambaye alikuwa anakuja kuwaona wazazi wake Mangobo. Mtoto alikuwa ameondoka hajaanza shule ya msingi, na sasa alikuwa anakaribia kuimaliza. Hayo niliyajua. Lakini kuyajua ni kitu kimoja. Kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, abiria walipoanza kutoka, nilijikuta natazama chini, usawa wa viuno vya watu, natafuta mtoto mdogo. Sauti ikatoka juu zaidi.

“Bonjour, papa.”

Alikuwa ananifika begani. Alikuwa na nyusi za mama yangu na alikuwa amenyoosha mkono. Nikaushika, nikamsalimia mwanangu kama ninavyosalimia mteja mpya.

Ndani ya teksi nikamwuliza, “Safari ilikuwa muzuri?”

“Oui, papa.”

“Mama iko muzuri?”

“Iko bien.” Akatazama nje kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kuomba radhi, “Pardon, papa. Kiswahili yangu inapoteaka. Kwetu tunaongeaka Lingala.”

Alisema kwetu. Lingala hata mimi naijua, hapa Kisangani nani asiyeijua? Ningeweza kuendelea naye kwa Lingala mpaka nyumbani. Lakini nilikuwa nimesikia lile neno jingine, na badala ya kumjibu nikaanza kumwelekeza dereva njia.

Mama yangu, ambaye ninaishi naye, alimpikia lituma na samaki. Mtoto alikula zile ndizi za kutwanga taratibu, akamshukuru koko, yaani bibi yake, akaomba kuosha sahani. Mama alifurahi: mtoto amelelewa vizuri. Mimi nilimtazama akiosha sahani na nikatamani agome, alie, aseme hataki samaki.

Umeme ulikuwa umekatika siku hizo. Ulirudi Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri. Nilifunga cherehani, nikavuta katoni zote mbili hadi katikati ya chumba na kumwaga diski juu ya mkeka. Zilienea mpaka mlangoni. Mtoto alizitazama akiwa amesimama.

“Chagua,” nikasema.

“Hapana, papa, chagua weye.”

“Zote ni zako. Chagua yenye unapenda.”

“Kwangu zote ni sawa. Yenye weye unapenda.”

Tuliendelea hivyo. Mimi namsogezea, yeye ananisogezea, kama wageni wawili mbele ya kipande cha nyama kilichobaki. Mwishowe nikachukua ule wa zamani, wa magari. Nilikuwa nimeuweka juu kabisa, nilikuwa nimeupangusa.

“Hii unaikumbuka?”

Aliitazama picha kwa bidii. Niliona jinsi alivyokuwa anajitahidi. “Un peu,” akasema, kidogo, na nikajua haikumbuki.

Tukacheza, kila mmoja na manette yake. Aliendesha vizuri sana. Alikata kona, akawapita wote, akashika njia yake. Nilingoja. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Basi mimi nikageuza gari langu nikaanza kurudi nilikotoka, na magari yakaanza kunijia.

“Papa, unaenda mubaya,” akasema. “Geuza. Bonyeza hapa.” Akaweka kidole chake juu ya changu kunionyesha.

“Banakuja,” nikamwambia. “Angalia, banakuja!”

“Ndiyo, banakuja juu unaenda mubaya.” Alinitazama usoni kuona kama nimeelewa. Nikageuza gari. Alimaliza wa kwanza, akasema, “Merci, papa,” akaiweka manette chini.

Tukarudi kwenye mkeka. Akaokota ule wa farasi, akaugeuza. “Hii ni ya batoto kidogo.”

“Uliniambia unapenda farasi.”

“Mimi? Lini?”

Nilimwonyesha ule wa ngoma, nao akashangaa. Ule wa hospitali ya wanyama aliushika muda mrefu, halafu akaanza kuzitazama zote tena, moja baada ya nyingine, polepole zaidi. Nadhani ndipo alipoelewa.

“Papa, zote hizi uliniwekea mimi?”

“Nyingine ni zangu,” nikasema. “Niko nacheza nikimaliza kazi.”

Alitikisa kichwa kukubali. Ili nisikae kimya nikamwuliza, “Na kule munachezaka gani?”

“Tuko na moja tu,” akasema, na uso ukamfunguka kwa mara ya kwanza tangu afike. “Ya mupira. Kila samedi na papa tunafanya championnat, mwenye kushindwa anaosha...” Akatazama mkeka. “Na tonton,” akasema, kama vile yule mume wa mama yake ni mjomba tu. “Tunachezaka na tonton.”

Nilimwambia hakuna neno. Nilimwambia hata mimi ninao wa mpira, ngoja, uko hapa mahali, nikapekua mpaka nikaupata, wa karibuni kabisa, bado uko ndani ya plastiki. Nilifurahi kuupata. Nilidhani nimepata jibu.

“Hapana, papa. Ile hapana,” akasema upesi. Aliuchukua mkononi mwangu kwa adabu, akauweka chini ya mingine. “Tutafute ingine.”

Tukachukua mmoja tusioujua sote, wa meli inayopita kwenye mapango. Hakuna aliyeupenda. Meli ilivunjika mara nyingi, sikuhesabu, na umeme ulipokatika sote wawili tulipumua, nami nilimsikia akipumua.

Siku zilizofuata, umeme ukiwepo, alikuja mwenyewe kwenye cherehani, akachuchumaa kando ya katoni. “Papa, leo gani?” Tulijaribu ule wa ndege, ule wa kupika, ule wa kujenga mji. Aliujaribu kila mmoja mpaka mahali fulani, akasema ni mzuri, akarudisha diski kwenye mfuko wake wa nailoni. Aliicheza kama mtu anayekula ugenini, anayeonja kila bakuli ili mwenyeji asione vibaya. Alasiri moja nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja nikamsikia uani akiongea na mama yake kwa simu, kwa Lingala, mbiombio, na akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, chenye kwikwi mwishoni. Nilisimama na pasi ya makaa mkononi mpaka nikanusa kitambaa kinaanza kuungua.

Kesho yake alipokuja kuchuchumaa, nikamwambia, “Si lazima tucheze.”

“Lakini papa, uliweka zote hizi.”

“Ziache tu. Si lazima.”

Alifikiri. “Bon,” akasema. “Alors tutafanya nini?”

Nilipitisha kichwani mambo ambayo baba na binti wanafanya, na yote yalitaka tuwe tumeyaanza zamani. Alikaa juu ya kigoda cha wateja. Nilishona. Baada ya muda alianza kuokota vipande vya uzi sakafuni na kuvikusanya kiganjani, na tulikaa hivyo mpaka mama alipotuita kula. Nikipanga siku zote za likizo ile, hiyo ndiyo ninayoitaka irudi. Hata yeye sijui kama aliiona kuwa ni kitu.

Bangboka, siku ya kurudi, tantine wake, yule mama yake mdogo, alitangulia na mizigo. Mtoto alininyooshea mkono tena, halafu akabadili nia, akanikumbatia upesi, uso ukagonga shingo yangu.

“Ile ya magari ilikuwa muzuri, papa,” akasema.

“Utacheza tena mwaka kesho.”

“Oui, papa.”

Alikuwa mwema kwangu tangu alipofika mpaka alipoondoka. Sijui mtoto wa umri ule alijifunzia wapi kumwonea baba yake huruma kiasi kile, bila kumwaibisha.

Likizo iliyofuata ilipokaribia nilimpigia mama yake kupanga safari. Aliongea nami kwa Kiswahili chetu cha zamani, kile cha wakati tuko pamoja.

“Usikasirike. Nimemuuliza. Anasema hatakuja.”

“Iko mugonjwa?”

“Hapana.”

“Nilimukosea kitu?”

“Hapana, hata. Anakusifu sana. Anasema ulimupokea muzuri sana.” Nilimsikia anatafuta maneno. “Anasema tu kwako anajisikia mugeni. Anachoka. Juu kila kitu unamuuliza yeye anataka gani.”

“Nilitaka apende mwenyewe.”

“Ninajua.”

Niliomba niongee naye. Alikuja kwenye simu, akanisalimia, akauliza habari ya koko. Nikamwambia asijali, likizo ziko nyingi, asome vizuri. Akasema, “Oui, papa. Merci, papa.” Nyuma yake sauti ya mwanamume ilimwita kwa jina lake la utoto, lile nililompa mimi, na akaniaga.

Mama yangu alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniuliza mtoto anakuja lini, ili amwambie mwenye samaki mapema. Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya, hatukusikilizana. Akasema nipige tena jioni, pengine utakuwa umetengemaa. Nikasema ndiyo, nitapiga, nikaingia ndani kumalizia sare ya mtoto wa jirani.