Gauni la Kijani Lisilochukuliwa

Bibi yangu alikuwa fundi cherehani, na mdomo alikuwa nao. Wateja walimwita Bi Futi, maana futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Mimi aliniita mke mwenza. "We mke mwenza, njoo unitungie uzi, macho yangu yamegoma!" Nilikuwa na miaka kumi na sita, tukiishi wawili tu kwenye chumba nyuma ya duka lake. Baba alifariki nikiwa mchanga. Mama, niliambiwa, alifariki akinizaa.

Mwaka ule Bibi akaanza kusahau. Siku moja aliniuliza nimeleta kitambaa cha kushona nini. Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda kulia chooni. Sura zilimpotea, lakini mishono yake, thubutu! Ukimwonyesha pindo tu, anakwambia alimshonea nani.

Kwenye kamba ya nguo ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, palikuwa na gauni la kijani. Mwenyewe alihama, ndivyo alivyoniambia siku zote. Jumamosi moja nikalivaa, basi tu, ujinga wa kutaka kujitazama kwenye kioo. Likanikaa utadhani nilipimwa mimi.

Bibi akainua kichwa. Usoni hakunitazama kabisa. Alitazama mshono wa kiunoni.

"Umerudi tena?" akafoka. "Si nilikukataza kukanyaga hapa?"

"Bibi, ni mimi..."

"Mwanangu nimemzika. Wewe bado kijana, utaolewa, utazaa wengine. Mimi nimebaki na huyu mmoja. Nimeshamwambia mama yake alikufa akimzaa. Leo utamwambia nini, umefufuka?"

Jamani! Nikashika meza. Miaka yote namwombea marehemu, kumbe mzima, na alikuwa akifukuzwa mlangoni nikiwa shule! Nilimchukia Bibi, sifichi. Lakini wa kuniambia mama alipo alikuwa yeye tu, na kesho huenda hata hilo lingekuwa limemtoka.

Nikajikaza, nikajifanya mimi ndiye mama. "Siku ukinihitaji, unajua ninapokaa?"

"Sijui. Sikukuuliza makusudi, nisije nikamwonea huruma mtoto nikamwambia."

Kisha sauti ikamkatika. "Niachie, mwanangu. Nakupigia magoti." Na kweli akaanza kushuka sakafuni, kwa yale magoti yake mabovu. Nikamdaka. Alikuwa mwepesi.

"Nimekuachia, mama," nikasema.

"Basi nenda upesi. Anakaribia kutoka shule, asikukute."

Nikachukua nguo zangu, nikabadili bafuni kwa jirani. Nikakaa pale chini nikalia mpaka jirani akagonga kuuliza kulikoni. Nikanawa uso, nikarudi nyumbani, nikabisha hodi.

"Ingia, mjukuu wangu!" Bibi akaitikia, furaha imemjaa. Halafu akanitazama vizuri. "Mbona macho mekundu? Nani kakuliza?"

"Hakuna mtu, Bibi."