Pampu ya Mtoni

Leo daktari amenipaka mafuta kifuani, akanibandika nyaya za mashine, akasema moyo wangu unaruka mapigo. Mafuta yale yalikuwa baridi kama maji ya mto wetu kule Dundori.

Mtoni palikuwa na pampu ya mzungu aliyemwajiri baba, ikipiga tu, tu, tu, kupandishia ng'ombe wake maji. Ikinyamaza, baba aliikanyaga mara moja kwa kisigino, ikaanza tena.

Jioni mama alirudi kutoka kuchuma pareto, akaketi juu ya gunia, nami nikamlalia kifuani. Gauni lake lilinukia yale maua. Moyo wake ulipiga, ukanyamaza. Nikamgonga kwa ngumi.

“Wewe! Unanipigia nini?”

“Umesimama, mama. Kama pampu.”

Akacheka mpaka kichwa changu kikarukaruka. “Haya, ukisimama tena, fanya hivyo hivyo.”

Nikawa namgonga kila jioni, na kila jioni ulirudi.

Siku uliponyamaza kabisa nilikuwa shuleni. Nilipokuwa nakimbia kurudi nyumbani, niliisikia pampu kutoka mbali, inapiga vizuri tu.