Nilipiga Magoti Kumpa Mume Maji, Mashine ya Kufyekea Ikanitoa Jicho

Admin, jina langu lisionekane, na usitaje kijiji, sema tu ni pembeni ya Mpanda, maana huku kila mtu ana simu na kila mtu ni shemeji wa mtu. Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike wa miaka tisa. Kwetu ni Majimoto. Jicho la kushoto sina. Naanza na hilo ili msihangaike kuniuliza kwenye komenti.

Mume wangu anafyeka majani kwa mashine, ile ya petroli inayoning'inizwa begani kwa mkanda. Anaitwa viwanjani, mashambani, hata kanisani. Siku anainunua nilikuwepo dukani. Muuzaji alimweleza vizuri, tena mara mbili: vaa miwani na buti, pita kwanza uokote mawe na waya, kava la bledi lisitoke, mtu asisogee karibu, na akisogea zima. Mume wangu akaitikia "sawa bosi, sawa bosi." Wiki ya pili kava alishalitoa, eti majani mabichi yanaganda. Kamba ya nailoni ya kukatia majani iliyokuja na mashine akaitupa, akafunga bledi ya chuma. Kile kibonyezo cha mafuta akakikaza kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili kidole kisichoke, kwa hiyo mashine ikiwaka inazunguka tu, hata yeye akisimama kupumzika. Kitu kimoja alikitii, miwani. Miwani ni moja, na ni yake.

Sasa ukweni kwangu mwanamke hampi mume maji akiwa amesimama. Unapiga magoti, unashika kikombe kwa mikono miwili. Sina ugomvi na desturi hiyo, nimelelewa nayo. Ugomvi wangu ni kupiga magoti mbele ya chuma kinachozunguka. Mwanzoni nilikuwa naweka jagi mbali, halafu nampungia kanga aje mwenyewe. Mama mkwe akaniona. "Maji ya mwanangu unayaacha chini kama ya mbwa? Kwenu hawakukufunza?" Nikamwomba mume wangu basi awe anazima nikifika. Akanijibu, "Unajua kuivuta ile kamba mpaka iwake ilivyo kazi? Nizime kwa ajili ya kikombe?"

Masika ya mwaka juzi nikapiga magoti mbele yake, hatua moja tu. Akapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukalegea, bledi ikagusa chini. Nilisikia "tang", kijiwe kikaruka, basi. Ningekuwa nimesimama kile kijiwe kingenipiga paja, leo ningekuwa na kovu tu. Hospitali waliniambia jicho limepasuka, halina budi kutolewa. Mume wangu alipokuja wodini, hata pole hakunipa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Na wewe, si ungefumba macho?"

Tangu hapo mimi ni kichekesho cha nyumba. Wageni wakija anawaambia, "Msimsalimie upande wa kushoto, huko umeme umekatika." Wanacheka. Mama mkwe anacheka mpaka anajifuta machozi. Naumia jamani, naumia sana, ila kuchekwa nimeshazoea. Hilo silo lililonifanya niandike.

Mwezi uliopita mama mkwe akasema siku hizi namwaga maji njiani kwa kuwa sioni vizuri, kwa hiyo awe anapeleka mtoto. Mimi nilikuwa mtoni nafua. Narudi, nawaona kwa mbali: mashine inanguruma, mwanangu amepiga magoti, uso ameuinua, macho ameyafumba. Nilitupa beseni nikakimbia. Nilipofika nilimzaba mtoto kofi, Mungu anisamehe, kwa sababu anayestahili kofi simuwezi. Mtoto akalia, akasema, "Mama, baba kasema nikifika nifumbe macho, ndo haitaniumiza." Baba yake kasimama hapohapo na kikombe, anacheka.

Sasa hili sijawahi kumwambia mtu. Jumapili iliyofuata walienda kanisani, mimi nikasingizia kichwa. Nikachukua spana. Nati ya ile bledi inafunguka kwa kuzungushwa kinyume na nati nyingine, nilijua hivyo kwa kumsikia akiitukana. Nikailegeza. Niliilegeza huku natabasamu, siwadanganyi, nilitaka kile chuma kichomoke kimrukie miguuni na mimi niwepo nione. Halafu nikakumbuka ni nani atakayekuwa amepiga magoti pale mbele. Nikaikaza tena mpaka kiganja kikachubuka.

Nimeomba niondoke na mtoto. Mama mkwe kasema, "Nenda wewe na chongo lako. Mtoto ni wa ng'ombe zetu, haendi popote." Mama yangu mzazi naye ananiambia nirudi Majimoto peke yangu, binti atanifuata akishakua. Atanifuata na macho mangapi?

Kwa hiyo nimefanya ninachoweza. Nimejifunza kubeba jagi bila kumwaga hata tone, nikawaambia mtoto aachwe asome, maji nitapeleka mimi. Jana saa kumi nimepiga magoti, bledi inazunguka, nikageuza shingo ili upande usio na jicho ndio utazame mashine. Mume wangu akanywa, akanirudishia kikombe, akasema, "Umeona? Umeanza kupata akili."

Nyie mnaonisoma kwa macho mawili, niambieni nifanye nini. Niondoke nimwachie mwanangu hilo jagi, au nibaki nipige magoti na hili moja mpaka nalo litoke? Mnijibu mapema, leo pia anafyeka.